Siku Mbili za Kufika Ngoliba kwa Gari la Baba

Wengi mmeniuliza, na kila mmoja nimempa kipande chake: huyu nikamwambia habari za punda, yule za mahindi, mwingine nikamwambia tu kwamba tulifika salama. Sasa naona vipande vimeanza kugongana, na juzi nimesikia kwamba eti gari liliungua. Halikuungua. Basi niketi niyaandike yote kwa mpangilio, kila mtu asome mwenyewe.

Kutoka kwangu Kahawa Sukari hadi Ngoliba, mashariki ya Thika, si mbali. Mwenye gari zima hunywa chai ya asubuhi nyumbani na kufika kabla jua halijakuwa kali. Sisi ilituchukua siku mbili. Tulikuwa wawili, mimi na Mami, ambaye ana miaka sabini na tisa, na tulisafiri kwa gari la marehemu baba, lile dogo la kijivu la milango minne mnaloliona kanisani Jumapili. Ni gari la kabureta, lilinunuliwa kabla mimi sijaanza shule, na tangu Baba atuache miaka mitatu iliyopita nimekuwa nikiliendesha kwa upendo zaidi kuliko kwa ujuzi.

Mami ndiye aliyetaka twende nalo. Alikuwa amepata habari kwamba Mueni amefanyiwa upasuaji wa nyonga na yuko nyumbani kwake Ngoliba, hatembei vizuri. Mueni alikuwa jirani yetu tulipokaa Thika, na yeye na Mami walifanya kazi pamoja katika kiwanda cha nguo. Nilipokuwa mtoto nilikula kwake kama nilivyokula kwetu. Halafu miaka ishirini na sita iliyopita wakaacha kusalimiana, na nyumbani hatukuruhusiwa kuuliza.

"Nataka kwenda kumsamehe," Mami aliniambia. "Tumezeeka. Sitaki mmoja wetu azikwe na jambo hilo."

"Alikukosea nini?"

"Twende kwanza."

## Kahawa Sukari hadi Ruiru

Tuliondoka Alhamisi saa tatu asubuhi, Mami kiti cha mbele amevaa kofia yake ya kanisani, miguuni kikapu cha ndizi na mkate wa siagi. Barabara kuu ilikuwa na magari mengi, kwa hiyo nikashika ile ya pembeni, na karibu na kuingia Ruiru msongamano ukatushika hata huko. Tulikaa mahali pamoja kama robo saa, injini ikiunguruma.

Harufu ya petroli nilikuwa nimeisikia tangu nyumbani. Sitawadanganya. Niliisikia, nikafungua dirisha. Gari la zamani hunuka, nilijiambia, kama mzee anavyonuka dawa ya kuchua.

Upande wa kushoto, hatua chache kutoka kwetu, alikuwepo mwanamke akichoma mahindi kwenye jiko la makaa. Alikuwa na mahindi sita au saba juu ya moto, na mtu mmoja akingoja. Nikamwona akiinua kichwa ghafla, kama mbuzi aliyesikia kitu. Akanusa. Akatazama chini ya gari letu. Kisha, bila kusema neno, akachukua ndoo yake ya maji, yale maji ya kuoshea mikono na ya kunywa, akayamwaga yote juu ya jiko.

Moshi na mvuke vikapanda. Mahindi yakawa tope. Yule mteja akarudi nyuma akilalamika.

Mwanamke akaja dirishani kwangu. "Zima gari, mathe," alisema kwa utulivu. "Gari yako inakojoa petroli. Zima, halafu toa cucu, huyu nyanya, pole pole."

Nilizima. Nikashuka. Nilipoinama nikaona tone likianguka, na jingine, na chini ya injini lami ilikuwa imelowa, na kijito chembamba kilikuwa kimeanza kutelemka kufuata mteremko wa barabara. Kilikuwa kinaelekea kwenye jiko.

Mami alishuka, akalitazama lile jiko lililozimwa, akamtazama yule mwanamke. "Umeua kazi yako ya leo," alimwambia.

"Kazi iko kesho pia," mwanamke akajibu. "Nendeni nayo kwa Wairimu, Gitothua. Hapo ndipo watu wenye shida ya mipira ya mafuta huenda. Lakini usiwashe."

Nikamuuliza kama anatujua. Hakuwa anatujua. Nilisimama pale nikimtazama akikung'uta majivu yaliyolowa, mwanamke ambaye jina lake hadi leo sijui, kwa sababu nilipogeuka kumuuliza alikuwa ameshaanza kugombana na mteja wake. Ndizi tulimwachia zote. Haikuwa kitu.

## Ruiru hadi Gitothua, nyuma ya punda

Gari lisilowashwa litakwendaje? Vijana wa pikipiki walitaka kulisukuma, lakini mbele kuna mpando. Ndipo akapita mwanamume wa makamo na punda wawili na mkokoteni mtupu, akitoka kupeleka maji. Akasimama, akalitazama gari kwa huruma.

"Mnaipeleka kwa chuma chakavu?" aliuliza.

Mami alikuwa ameshaketi tena ndani. Akatoa kichwa dirishani, kofia na yote. "Chuma chakavu ni nani?"

"Pole, mama. Nilifikiri."

"Usifikiri. Funga kamba."

Alifunga. Mimi nikashika usukani, mguu kwenye breki, na punda wakaanza kutuvuta. Ninyi mnaojua Ruiru mnajua watu walivyo wengi pale mchana. Watu walitoka madukani. Kinyozi alitoka na mteja wake, kichwa nusu kimenyolewa. Wanafunzi walipiga picha. Mwenye punda alipoona anatazamwa akaanza kuwaita punda wake kwa majina, kwa sauti kubwa, kama mtu anayeongoza msafara wa serikali. Mami aliwapungia watu mkono. Mimi nilikuwa nimekasirika na kuona aibu, na bado, kuna mahali kwenye ule mpando niliwatazama wale wanyama wawili, migongo yao imekaza, kwato zinatafuta pa kushika, wanavuta uzito ambao si wao bila kuuliza, na hasira ikaniisha.

## Gitothua

Nilitarajia mwanamume mwenye kitambi. Wairimu ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, nywele amezifunga kwa kitambaa, ovaroli safi kuliko koti langu la kufundishia. Mahali pake ni kibanda cha mabati chenye ukuta mmoja mzima uliotundikwa mipira ya kila unene, imepangwa kama nguo dukani. Alituambia alianza kwa kutengeneza mipira minene ya mashine za kuchimba mawe kule Juja, ile ambayo ikipasuka inaweza kumkata mtu mkono. "Huko ndio nilijifunza kuheshimu mpira," alisema.

Alifungua boneti na hakugusa chochote kwanza. Aliinama, akanusa mahali pamoja, akasogea, akanusa pengine. Kisha akaweka vidole viwili juu ya mpira ulioko kati ya pampu na kabureta na kuufinya taratibu, jicho lake likitazama mbali, vile daktari anavyotafuta mshipa.

"Nani aliweka hii?"

Nikamwambia fundi mmoja wa barabarani, mwaka jana, baada ya ule wa zamani kupasuka.

"Hii ni ya maji. Ni mpira wa rejeta, wa kupoza injini."

Nikasema unaonekana sawa na mingine. Kwa kweli ulionekana mpya, mweusi, unang'aa.

Wairimu aliufungua, akaulaza juu ya ubao, akachukua wembe na kuupasua kwa urefu kama mtu anayepasua samaki. Akaufunua mbele yetu.

Sijui niwaelezeje. Nje ulikuwa mzima. Ndani ulikuwa umevimba na kulainika, umejaa nyufa kama udongo wa bwawa lililokauka, na alipopitisha kidole, kikatoka kimejaa makombo meusi. Petroli ilikuwa imeula kutoka ndani mwaka mzima, kila Jumapili nikiendesha watoto wa shule ya Jumapili nyuma, na ngozi ya nje ilikuwa inang'aa tu.

"Haya makombo ndio yanaziba kabureta yako," alisema. "Siku zingine inakohoa, si ndio?"

"Inakohoa."

"Sasa sikiliza, mwalimu. Ukienda kununua, usiangalie weusi wala unene. Soma ubavuni. Lazima iandikwe ni ya mafuta. Kama haijaandikwa, hiyo nunua ufunge ng'ombe. Halafu tundu lake litoshane na paipu. Ikiwa kubwa, mtu anakaza klipu mpaka anaumiza mpira, na bado inavuja." Alinionyesha klipu za zamani, zile zenye meno, na alama zilizoachwa kwenye mpira kama mtu aliyeng'atwa. Zake zilikuwa laini, kingo zimekunjwa nje. "Na kila miezi kadhaa, finya. Ikiwa laini kama ndizi mbivu, toa. Ikiwa ngumu kama ukuni, toa. Usingoje ivuje. Ikivuja umechelewa."

Alifanya kazi bila haraka. Mpira wa tangini, mpira wa pampu, mpira wa kabureta, filta mpya. Kisha akalala juu ya gunia, akajisukuma chini ya gari kuifuata paipu ya chuma inayotoka nyuma hadi mbele.

"Ulisema baba yako alikuwa nani?" aliuliza kutoka chini.

"Karani wa kiwanda."

"Hakuwa fundi?"

"Hapana."

"Njoo uone."

Nililala chini na sketi yangu, nikaingiza kichwa. Alikuwa amewasha tochi ya simu. Paipu ilinyooka kando ya chesi, ule mfupa wa chini wa gari, imepindwa kwa upole kila kona, haigusi chuma mahali popote, na kila baada ya shubiri mbili ilikuwa imeshikwa na klipu ndogo. Chini ya kila klipu palikuwa na kipande cha ngozi kilichozungushwa na kushonwa kwa uzi, mishono midogo iliyolingana.

"Ndio isisuguane," Wairimu alisema. "Chuma kikisugua chuma, mtetemo unatoboa paipu. Watu huweka mpira. Yeye aliweka ngozi. Ngozi si nzuri, inashika maji, inaleta kutu. Lakini angalia." Alitelezesha kimoja pembeni. Chini yake chuma kiling'aa. "Alikuwa anazipaka grisi. Mara kwa mara. Nimehesabu klipu kumi na nne. Mtu analala chini ya gari miaka yote hiyo akipaka ngozi kumi na nne grisi, na hakuna anayemwona."

Nilijua Baba hulala chini ya gari Jumamosi. Sikujua alikuwa anafanya nini. Nilifikiri anatukimbia.

Wairimu alisema ngozi zimekwisha kukauka tangu Baba afe, zitolewe ziwekwe za mpira. Akazitoa moja moja, akanikabidhi mkononi. Nilipotoka nje kwenye mwanga nikaona rangi yake, chini ya grisi na vumbi: damu ya mzee, na kwenye vipande viwili palikuwa na ua dogo lililopigwa chapa kwenye ngozi.

Mami alikuwa ameketi kwenye benchi akinywa chai aliyopewa. Alinyoosha mkono aone. Akakishika kipande chenye ua, akakifuta kwa kidole gumba, na kikombe alichoshika kwa mkono wa pili kikaanza kuinama mpaka chai ikamwagika kwenye viatu vyake.

"Huu ni mkoba wangu," alisema.

Alivikusanya vyote kumi na vinne, akavifunga kwenye leso yake.

Wairimu alitoka chini ya gari na kuniambia jambo moja zaidi. Sehemu ya mbele ya paipu, karibu na injini, haikuwa kazi ya Baba. Yule fundi wa mwaka jana alikuwa ameikata na kuunga ya shaba, akaipitisha karibu sana na ekzosi, bomba la moshi. "Baba yako aliipitisha mbali. Niachie mpaka kesho saa nne, nikupindie nyingine ya chuma."

Nilitazama saa. Nilimtazama Mami na leso yake. Gari lilipowashwa liliunguruma kwa ulaini ambao sijausikia tangu Baba akiwa hai. Nikasema tutarudi siku nyingine, tuna haraka.

"Haya," Wairimu alisema. "Jua likiwa kali utanikumbuka. Chukua namba yangu."

## Juja

Katikati ya Ruiru na Juja Mami alinieleza, akitazama mbele.

Mkoba ule alipewa na wanawake wenzake wa kikundi cha kanisa alipofikisha miaka ishirini na tano ya ndoa. Alikuwa hajawahi kuwa na kitu cha ngozi halisi. Aliuweka kabatini, akautumia Pasaka na Krismasi tu. Siku moja akaukosa. Aliyekuwa ameingia nyumbani wiki ile ni Mueni pekee. Mami hakumwita pembeni. Alimuuliza kwenye mkutano wa kikundi, mbele ya wanawake wote, wakiwa wameshika vikombe.

"Alijibu nini?"

"Alisema, 'Sikuuchukua.' Akaweka kikombe chini. Akaondoka. Hakurudi tena kikundini, na mwaka uliofuata kiwanda kilipofungwa akahamia Ngoliba." Akaisogeza leso mapajani. "Na baba yako alikuwa ameketi sebuleni nikimsimulia. Akasema, 'Mambo ya wanawake.'"

Jioni ilitukuta Juja, na Mami hakutaka kufika kwa mgonjwa jioni. Tulilala kwa mtoto wa dada yangu, Njeri, anayesoma chuo kikuu pale na kupanga chumba kimoja. Alitupikia mayai na chapati za kununua, akampa Mami kitanda. Jirani zake walikuja mlangoni kuuliza kama gari lililoko chini ni la kukodisha kwa harusi, na wakamwomba Mami ruhusa ya kupiga picha nalo. Mami akadhani wanataka kumpiga picha yeye. Akavaa kofia, akashuka ngazi, akasimama kando ya gari mikono imekunjwa. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Walimpiga picha, na nikaona zile picha baadaye: ni nzuri kuliko zote alizowahi kupigwa, uso mzito, macho hayamtazami mtu.

Asubuhi nilimuuliza kama bado anataka kwenda.

"Jana nilikuwa naenda kusamehe," alisema. "Ilikuwa rahisi zaidi."

"Tunaweza kurudi."

"Washa gari."

## Thika

Thika tulisimama kununua vitu vya kupeleka: sukari, majani ya chai, unga, mafuta ya kupikia, mananasi mawili. Mami akapotea. Nilimkuta kwenye duka la mikoba, amesimama mbele ya rafu, muuzaji anamsifia mmoja mweusi wenye kifungo cha dhahabu.

"Ni wa nani, cucu? Ni wa zawadi?"

Mami aliushika, akaufungua, akaunusa ndani. Akaurudisha.

"Begi haliwezi kurudisha jina la mtu," alimwambia muuzaji, ambaye hakuelewa na akamwonyesha mwingine wa bei nafuu.

Tulikula githeri, mahindi na maharagwe, katika mkahawa wa nyuma ya stendi, yaani mimi nilikula. Saa tano na nusu tukashika barabara ya mashariki.

## Barabara ya Ngoliba

Mashamba ya nanasi yanaanza, na jua halina mti wa kulizuia. Nilikuwa nimeanza kupumzika. Gari lilikuwa linakwenda kama linajua njia, na kwa hakika lilikuwa linaijua. Kisha kwenye mpando mrefu likavuta pumzi mara mbili na kuzima.

Nikajaribu. Kimya. Nikajaribu tena. Hakuna harufu ya petroli safari hii, hakuna tone. Mwanamume mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli akasimama na kuniambia petroli imeisha. Nikamwambia tumejaza Thika. Akasema walituibia. Nikamwonyesha mshale. Akasema mshale wa magari haya hudanganya, na akabaki pale kututetea dhidi ya akili zetu wenyewe.

Nikampigia Wairimu. Hakunicheka.

"Umesimama saa ngapi ya jua?"

"Saa sita."

"Petroli imechemka ndani ya paipu. Ile ya shaba karibu na ekzosi, nilikuonyesha. Imegeuka mvuke, na pampu haiwezi kuvuta mvuke. Usilazimishe stata. Tafuta kitambaa kizito, ulowanishe maji, ufunge kwenye paipu na juu ya pampu. Ngoja. Halafu ujaribu."

Maji tulikuwa nayo ya kunywa. Kitambaa hatukuwa nacho. Mami alisikia, akafungua leso aliyofungia vile vipande vya ngozi, akaviweka mapajani na kunipa. Nikailowanisha, nikaifunga. Ilitoa sauti ndogo, kama mtu anayenyamazishwa. Nikamwagilia tena na tena, maji yetu yote ya kunywa, na yule mwenye baiskeli, ambaye bado alisema ni petroli, akatoa chupa yake ya maji na kuniongezea.

Tulingoja kwenye kivuli cha mlango uliofunguliwa. Shamba lilikuwa kimya hadi upeo wa macho, mistari ya majani makali ya kijivu ikinyooka mpaka chini ya mlima wa Ol Donyo Sabuk. Nilifikiria ule uzi mwembamba wa petroli uliolala ndani ya chuma, usioonekana na mtu, unaochemka kwa sababu mtu mmoja aliupitisha shubiri moja karibu zaidi ya inavyofaa, na mimi nikakataa kungoja hadi saa nne.

Baada ya nusu saa nikageuza ufunguo. Injini ikashika mara moja.

Mwenye baiskeli alitikisa kichwa. "Sasa hiyo petroli imetoka wapi?" alisema, na tukamwacha hapo akiwaza.

## Kwa Mueni

Nyumba yake ni ya matofali, ina mti wa mlimau na kuku wengi. Mwanawe Kioko, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye mvi za kwanza, alitutoa kwenye gari, akatuingiza sebuleni. Mueni alikuwa kwenye kiti cha mikono, mkongojo pembeni, amevaa gauni la maua. Alikuwa amezeeka vizuri. Alimtazama Mami kwa muda kabla ya kunyoosha mkono.

"Karibu, Mama Nyambura," alisema. Nyambura ndiye mimi.

"Asante, Mama Kioko."

Kioko alileta chai na sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa, akatoka. Mami hakuketi. Alivua kofia yake, akaiweka mezani, kisha akavimwaga vile vipande vya ngozi karibu na chai. Vilikuwa bado na grisi.

"Vilikuwa chini ya gari," alisema. "Vimeshika paipu ya petroli. Nimeviona jana. Nilikuwa nakuja kukusamehe, Mueni. Ndivyo nilivyomwambia mtoto. Sasa sijui nisemeje."

Mueni alikichukua kimoja, akakigeuza. Hakushangaa. Hilo ndilo nililoliona kwanza, na likanishtua: hakushangaa hata kidogo.

"Hiki nilikishika mimi," alisema. "Yeye akikata, mimi nashika. Alikuja kwangu na mkoba na mkasi. Alisema paipu inasuguana, inaweza kutoboka, na hakuna ngozi nzuri mjini. Alisema atakununulia mwingine mwisho wa mwezi kabla hujagundua."

Mami aliketi sasa. "Ulijua."

"Nilijua."

"Na ukanyamaza. Mbele ya wale wote."

"Ningesema nini? Mume wako ameukata? Ningemwaibisha mumeo mbele ya kikundi?" Mueni alirudisha kipande mezani. "Miezi miwili kabla ya hapo Kioko alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Mvua ilikuwa imekata barabara. Mzee wako alimbeba kwa gari hilo hadi hospitali, akapita mahali ambapo lori lilikataa. Daktari alisema tungechelewa saa moja tu, tungempoteza. Kwa hiyo nilipoulizwa habari za mkoba nikasema ukweli wangu, sikuuchukua. Ukweli wa pili, kwamba aliukata yeye, ulikuwa wake kuusema. Nilimngojea. Miaka mingi nikisikia gari kama lile nilikuwa natoka nje, nikidhani amekuja kuusema."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nimeishi miaka hamsini na moja na sijawahi kuona kitu kama kile: mwanamke aliyebeba lawama ya mtu mwingine robo karne, hana hata uchungu sautini, anaiweka mezani kama mtu anayerudisha bakuli la jirani. Nilimpenda Baba na nilimwonea haya, vyote kwa pamoja, na hadi leo sijaweza kuvitenganisha.

Mami alikuwa analia bila sauti. "Nisamehe," alisema.

"Wewe nilikusamehe zamani," Mueni alijibu. "Lakini nitakwambia kilichouma. Si mkoba. Ni wale wanawake. Walikuwa wameshika vikombe, na hakuna aliyekunywa tena."

Mami alifuta uso kwa kiganja. Akanigeukia. "Nipe simu."

Alinitajia jina la mama aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi kile siku zile, ambaye sasa ni mzee kuliko wao na anaishi Thika na mjukuu wake. Namba ninayo, ni mtu wa kanisa letu. Nikapiga, nikaweka sauti kubwa. Mami alisimama. Alisimama wima kama anasoma neno ibadani, na akasema kwa Kiswahili ili Mueni asikie kila neno: kwamba mkoba ulichukuliwa na mumewe mwenyewe, kwamba Mueni alijua na alinyamaza, kwamba yeye alimwita mwizi mbele ya watu na hakuwa mwizi, na kwamba awaambie wote waliobaki.

Upande wa pili redio ilizimwa.

"Mpe Mueni," sauti ya kizee ilisema.

Nikaondoa sauti kubwa, nikampa. Mueni aliiweka sikioni kwa mikono miwili. Alisikiliza. Alisema "Ii," yaani ndiyo, akasikiliza, akasema "Ii" tena, na mara moja akacheka kidogo kwa pua. Mwishowe akanirudishia simu, akajifuta jicho moja kwa ncha ya gauni.

"Anasema wamebaki wanne," alimwambia Mami. "Wanakuja kesho Jumamosi, wote. Wanataka chapati, na mimi siwezi kusimama. Kwa hiyo kula hiyo muthokoi, Mama Nyambura. Una unga wa kukanda."